Walipong'oa Mikaratusi

Jumanne, 10 Februari

Nimetoka barazani masikio yakivuma. Chifu alileta spika mbili kubwa, kana kwamba watu wa Olenguruone ni viziwi! Lakini habari yenyewe ni njema. Acha niiandike kabla Ngigi hajaimwagia maji.

Kiwanda cha majani chai kimeacha kuchoma kuni. Boila mpya imeshafungwa, haili hata kijiti. Maana yake mikaratusi yetu yote, tuliyoilea tukijua kiwanda kitainunua, sasa haina mnunuzi. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo akasimama msichana mmoja kutoka Nakuru, Joyline, gamubuti zake mpya kabisa. Yeye ni afisa wa Mfuko wa Mpito. Akaeleza kwamba hizo ni pesa za umma za kusaidia maeneo yanayoachana na moshi, ili mtu wa kawaida asiachwe kwenye mataa. Kila mkaratusi ukikatwa na kisiki kikang'olewa, mwenyewe analipwa. Hiyo ni awamu ya kwanza. Awamu ya pili wanaleta miche ya mianzi, tunapanda palepale, chemchemi zinarudi, na baadaye tunauza mianzi. Tulipiga makofi mpaka mbwa wa chifu akakimbia.

Nimechaguliwa kwenye kamati. Wanasema nina mdomo. Mwenyekiti ni Kabiru — nani mwingine? Ukiwa na lori hapa kwetu wewe ni mwenyekiti wa kila kitu, hata matanga.

Ngigi alisikiliza yote huku akikoroga chai. Kisha akauliza: serikali ikikulipa ung'oe, itakumbuka kukulipa upande? Mume wangu huyo. Hata siku ya harusi yetu alishinda akitazama mawingu.

Jumamosi, 14 Februari

Kuhesabu miti. Tumecheka leo! Kila tulipofika, mti wa mpakani ulikuwa na wenyewe wawili. Huyu anasema wangu, jirani anasema wangu. Na kwa kuwa mipaka yote ya kilima hiki ni mistari ya mikaratusi, ugomvi ulikuwa uleule kila shamba. Mwishowe nikatoa wazo: wagawane kwa zamu. Mmoja wako, unaofuata wangu, hivyo hivyo mpaka mtoni. Kamati ikakubali. Joyline alisema ni kitu "innovative sana" na akanipiga picha nikiwa na kopo la rangi.

Mimi na jirani yangu Chelagat hatukugombana. Tulitembea mstari wetu, mimi upande wangu na yeye upande wake, mimi nikipaka miti yangu nyekundu, yeye yake nyeupe. Akaanza kukumbuka siku tuliyoipanda. Ilikuwa baada ya vita vya uchaguzi wa 2007. Watu wa upande wetu tulikuwa tumerudi kutoka kambini Molo, nyumba ni majivu, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni. Wazee wa pande zote mbili wakakaa wakaamua: kila jirani na jirani wapande mpaka pamoja. Wa huku ashike mche, wa ng'ambo afukie. Mimi nilishika, Chelagat akafukia. Hatukusemezana neno mpaka karibu na mwisho, aliponiambia huo mche nimeushika kichwa chini. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akalia.

Tangu siku hiyo hakuna mtu kilimani hapa ameuliza mpaka uko wapi. Mpaka ni ile miti.

Nimeandika hilo na sasa naliangalia. Haidhuru. Mianzi itakaa palepale.

Jumatatu, 23 Februari

Tingatinga limefika. Jeshi zima la watoto nyuma yake, na watu wazima wakijifanya wana shughuli njiani. Msumeno unaangusha mti, kisha tingatinga linachimba kisiki na kukivuta. Mizizi inatoka na sauti — sijui niiitaje. Kama ng'ombe anayekataa kupanda lori.

Kisiki kimoja cha mstari wetu kilitoka kimekumbatia jiwe. Lile jiwe la saruji la wapima ardhi wa zamani, lenye namba! Nani alikumbuka lipo? Nilimpungia dereva asimame. Alidhani namsalimu, akanipungia pia. Kisiki na jiwe lake vikapakiwa pamoja na vingine, vikaenda. Nilimwambia Kabiru. Alisema jiwe la nini tena, si mianzi inakuja.

Kutoka mlangoni kwangu sasa naona jiko la Chelagat. Miaka yote hii nilikuwa nasikia kuku wake tu. Alikuwa amesimama pale akanipungia mkono, nami nikampungia. Halafu hatukujua tupeleke wapi macho, kila mmoja akageuka na kazi yake.

Ijumaa, 27 Februari

Wamemaliza. Na tumelipwa, wote, bila hila. Niliandike hilo maana watu watasahau.

Upepo! Hakuna cha kuuzuia tena. Nguo zangu zilitoka kwenye kamba zikaangukia kwa Chelagat, akazileta zimekunjwa vizuri. Ukisimama juu ya kilima unaona mashimo yamepita kila shamba, mapana kama barabara ambayo haiendi popote. Sikuipenda ile sura. Nimerudi kwenye mashine yangu ya kufuma sweta, shule ya msingi imeagiza, na uzi umepanda bei tena.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imeanza. Miche ya mianzi haijaja.

Mashimo yamejaa tope na kingo zimebomoka. Sasa huwezi kusema mti ulisimama hapa au pale. Jana baba Jepkemei, mume wa Chelagat, alikodi trekta. Dereva wa trekta akauliza ageukie wapi. Mimi nilikuwa nasikia. Baba Jepkemei alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema, geukia hapo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Hata mimi nisingejua pa kumwonyesha.

Leo tulipotoka kanisani Ngigi alikwenda akasimama kwenye udongo ule uliolimwa, mikono nyuma. Alisimama sana. Aliporudi aliomba chai tu. Ningefurahi kama angetukana.

Jumatano, 18 Machi

Ngigi amepanda matoka. Ni yale maua ya majani mapana ambayo babu zetu walipandia mpaka. Kwetu anayeyasogeza amejilaani yeye na kizazi chake. Amepanda mstari mzima, kutoka njiani mpaka mtoni, kufuata anavyokumbuka yeye. Nilimwambia majirani zetu hawajui matoka ni kitu gani, kwao ni majani tu. Akasema laana haingoji mtu aielewe.

Chelagat alikuja mpaka ukingoni akauliza kama hayo maua ni ya biashara. Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akasema tuwaache wanaume na kelele zao, sisi tupike chai. Moyo wangu ukatulia kidogo. Kisha yeye akaenda kwake kupika chai, na mimi nikaja kwangu kupika chai.

Ijumaa, 20 Machi

Matoka yote yameng'olewa. Yamelazwa chini, upande wetu, yamepangwa. Baba Jepkemei anasema ni mbuzi.

Mbuzi hali matoka. Na mbuzi hapangi.

Jumanne, 31 Machi

Nimempigia Joyline simu kwa niaba ya kamati, maana Kabiru siku hizi hashiki simu za kamati. Miche iko wapi? Akaanza kunizungusha na salamu. Nikambana.

"Madam, phase two iko suspended," akasema. "Tulipata ripoti ati kuna mizozo ya mipaka hapo kwenu. Na rules za Mfuko zinasema pesa ya umma haiwezi ingia mahali iko na land dispute."

"Joyline, hiyo dispute imeletwa na phase one."

Nilisikia watu wakicheka ofisini kwao, mambo yao tu.

"Nakuelewa madam. Lakini hiyo haina mahali pa kuandikwa."

Nilikata simu nikaenda nje kupiga mbao kwa nyundo, mbao yoyote. Msichana si mbaya. Anajibu simu, wengine hawajibu. Lakini nina hasira ya kuuma meno! Walitulipa tuondoe kitu kimoja kilichokuwa kinatuzuia tusirudi ile Januari ya moto ya 2008, na sasa wanasema watarudi tukishakuwa na amani. Naogopa jambo hilo moja tu. Si hasara, si njaa. Naogopa kilima hiki kurudi vile kilivyokuwa.

Na ni mimi niliyetoa wazo la mmoja wako, mmoja wangu.

Jumamosi, 11 Aprili

Sokoni. Wateja wangu wa ng'ambo ya mto hawakuja kuchukua sweta. Si mmoja, si wawili. Zimekaa zimekunjwa na majina ya watoto juu yake. Cheptanui anayeuza maziwa meza ya pili, ambaye hunisimulia maisha ya ukoo mzima nikitaka nisitake, leo aliniuliza saa tu.

Jana kulikuwa na harambee ya kanisa huko juu na mheshimiwa mmoja akahutubia. Sikwenda. Lakini maneno yamefika sokoni kabla ya viazi. Alisema shamba lisilo na mpaka ni la mwenye jembe. Wengine wanasema alikuwa anawatia vijana moyo wapende kilimo. Lisemwalo lipo.

Nilinunua chumvi mfuko mkubwa. Sijui kwa nini. Nilipofika nyumbani nikaona nimenunua pia viberiti na unga zaidi ya mahitaji yetu. Mikono inakumbuka hata kama kichwa kinakataa.

Alhamisi, 23 Aprili

Binti yetu Shiko amepiga simu kutoka Naivasha. Ziwa limeingia tena mtaani kwao Kihoto, maji yako mlangoni, wamepandisha godoro juu ya meza. Watoto wamefunga shule. Akasema, "Mum, nikuje nao huko kwa muda, ama?"

Nikamwambia angoje kidogo.

Akadhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Nikasema kuna homa, nikasema barabara imeharibika, nikasema sijui nini. Mtoto wangu mwenyewe amesimama kwenye maji, na mimi mama yake nina nyumba kavu yenye vyumba vitatu, namwambia asije. Alisema sawa kwa sauti ile ya kutoniamini. Ngigi alikuwa anasikia. Hakuniuliza kwa nini. Sasa najua na yeye anaogopa, na hilo limenitisha kuliko yote.

Nimelia nikifuma. Sweta imetoka na mkono mmoja mrefu.

Jumatatu, 4 Mei

Chemchemi imerudi.

Ni kweli, nimeiona kwa macho yangu. Pale chini mstari wa miti ulipoishia karibu na mto, palipokuwa pakavu miaka yote tangu mikaratusi ikomae, sasa maji yanatoka safi, baridi, yanasukuma mchanga. Joyline hakutudanganya. Nilikunywa kwa viganja. Nilitaka kumwita Chelagat aone.

Nikainuka na kukuta watu wamesimama. Watatu upande ule, wawili upande wetu, mbali mbali, wote wanatazama maji. Hakuna aliyenywa ila mimi. Mmoja wa upande wetu, kijana wa Kabiru, aliniuliza, "Mathe, hiyo maji iko kwetu ama kwao?"

Nikasema iko kwa Mungu. Hawakuona cha kucheka, na kusema kweli hata mimi sikuwa natania.

Jumatano, 6 Mei

Nilikwenda kwa Kabiru kumwomba aite kikao cha kamati. Nikamkuta shambani na vibarua, wanachimba viazi. Mimea bado ina maua! Nilichukua kiazi kimoja. Kidogo kama yai la njiwa, ganda linatoka kwa kidole. Nikamuuliza, Kabiru, unachimba watoto? Akasema kuna ugonjwa umeingia, afadhali auze mapema.

Hakuna ugonjwa. Majani ni mabichi safi. Namjua mtu mmoja tu anayechimba viazi visivyokomaa huku mkewe ameshapanda kwenye lori pamoja na magodoro, ni mtu asiyetegemea kuvikuta vikikomaa. Lori lilikuwa limegeuzwa kichwa tayari, linaelekea Molo.

Nikamwambia, wewe ni mwenyekiti. Ukihama, watu watasema nini? Akacheka, akasema mama Shiko una wasiwasi, ninapeleka familia kusalimia tu. Na yeye mwenyewe anabaki. Ana kazi hapa. Sikuuliza kazi gani.

Ijumaa, 8 Mei

Mkutano wa amani. Chifu, wazee, Joyline. Viti vilipangwa duara lakini watu walikaa vipande viwili kama chungwa lililokatwa. Chelagat alikuwa upande wao nyuma kabisa. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Joyline alisema ameleta suluhisho. Ramani ya serikali, ile ya wapima wa kwanza, ndani ya simu yake kubwa. Unatembea nayo na inakuonyesha umesimama wapi. Tukatoka wote nyuma yake kama kondoo. Alikuwa na furaha, maskini. Alidhani ametuletea maji ya kuzima moto.

Ramani haifuati mahali miti ilipokuwa. Inakutana nao hapa na pale tu, kama pale kwenye lile jiwe la saruji. Kwa huyu inaingia ndani ya shamba la jirani, kwa yule inatoka. Nikaelewa nikiwa nimesimama kwenye tope. Wale wazee hawakupanda palipopimwa. Walipanda palipokubalika. Walitoa huku, wakapokea kule, mpaka kila mtu akanyamaza. Karibu wote wamekufa sasa, na hawakumwambia mtu, kwa sababu miti ilikuwa inatosha.

Kati yetu na kina Chelagat, mstari wa ramani unapita kwenye mlango wa jiko lake. Joyline alisimama pale na simu yake, akasema, "At least sasa tuko na clarity." Chelagat alikuwa ndani, ana ugali motoni. Alitoka na mwiko mkononi akatukuta, umati mzima, tunaangalia miguu ya Joyline.

Wakati wa chakula Ngigi alisema polepole, bila hasira yoyote, "Kumbe jiko lao liko kwetu."

Tumeishi pamoja miaka yote hii na leo nimemwogopa. Nikamwambia baba Shiko, tulipanda kwa mikono yetu, tulikubali. Akasema, "Tulikubali miti. Miti iko wapi?"

Jumapili, 10 Mei

Kanisani. Nusu ya viti vitupu, na vyote ni vya upande mmoja. Mchungaji alihubiri kuhusu kumpenda jirani na hakuna aliyesema amina. Tulipotoka vijana walikuwa wamesimama njia panda, wengi siwajui. Niliwasalimu. "Sema mathe," mmoja akajibu, na wengine wakanifuata kwa macho mpaka nikapita.

Nimempigia Joyline. Simu inaita tu. Nimempigia chifu, akasema hali iko shwari na inadhibitiwa. Neno hilo nililisikia redioni mara ya mwisho tukiwa tumelala sakafuni.

Jumatatu, 11 Mei

Kabiru ameleta nguzo. Lori limejaa nguzo na waya, za kukopesha kila mtu wa upande wetu ambaye ramani imemwongezea ardhi. Amechimba viazi vyake, amepeleka mke na watoto, sasa anakopesha watu nguzo. Mwenyekiti!

Wameketi sebuleni kwangu wakanywa chai yangu, na mimi nikiwa jikoni nasikia yote. Wataanza na sisi, Jumatano alfajiri, kwa sababu kwetu ramani iko wazi zaidi. Nguzo ya kwanza mlangoni mwa jiko la Chelagat. Watakuwa wengi ili asithubutu mtu. Ngigi alisema sawa.

Walipoondoka nilimpigia magoti. Sijawahi kumpigia magoti tangu nizaliwe. Nikamwambia wataua watu, baba Shiko, na hujui wataanza na nani. Akaniinua, akanipangusa uso, akasema hakuna atakayekufa kwa sababu ya nguzo. Akasema ukimwambia mtu wa upande ule, damu itakayomwagika ni yangu, maana watatungoja. Hakunitisha. Alinieleza tu, na ni kweli.

Usingizi hauji. Mvua imekatika, kila kitu kinasikika.

Jumanne, 12 Mei

Naandika haraka. Chelagat yuko nje.

Amekuja mchana peupe, peke yake, amekatiza moja kwa moja palipokuwa na miti, ambapo hakuna mtu amepita tangu watu waanze kununiana. Ngigi yuko kwa Kabiru. Nilitoka. Tulisalimiana vizuri. Akaulizia Shiko na wajukuu, nikasema maji bado. Nikamuulizia Jepkemei. Akasema amempeleka Bomet kwa shangazi, yeye na wadogo zake wote. Nikauliza shule je. Akasema shule itangoja.

Kisha akasema, "Mama Shiko, nipe ng'ombe wako nikae naye kidogo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nyasi iko mingi kwetu."

Kwao hakuna nyasi. Naona shamba lao lote kutoka hapa, limelimwa mpaka mtoni.

Na mimi si mgeni. Mwaka 2008 ng'ombe waliopona kilima hiki ni wale waliokwenda kulala zizini kwa jirani wa upande wa pili. Hakuna aliyeomba wachukuliwe. Jirani alikuja tu mchana, akasema nyasi, akasema ana ndama anayetaka mwenzake, akasema chochote. Hakuweza kusema zaidi, maana zaidi ya hapo ni kuwauza watu wake. Aliyeelewa alifunga nguo zake. Asiyeelewa tulimzika.

Nikamuuliza, "Na sisi?"

Aliangalia mikono yake. Ile iliyofukia. "Mimi nimekuja kuchukua ng'ombe," akasema.

Basi kuna jambo upande ule, na limekaribia, na yeye analijua. Na mimi ninalijua la upande huu. Kesho alfajiri, mlango wa jiko lake. Nikimwambia, nimempeleka Ngigi kwenye mapanga kwa mdomo wangu. Nisipomwambia, atafungua mlango kuwasha moto wa chai na kuwakuta pale. Labda anajua tayari, na ndiyo sababu wanajiandaa. Labda hajui. Uso wake siwezi kuusoma, na zamani niliuweza.

Yeye amekuja. Amevuka. Amenipa kila anachoweza kunipa bila kuua mtu wake. Mimi bado sijampa kitu.

Nilimwambia angoje niingie nitafute kamba. Kamba hii hapa, iko juu ya mashine, nimeiona nilipoingia. Nimekaa. Ngigi atatokea njiani wakati wowote.

Ameita. "Mama Shiko, umeipata?"

Nimemjibu bado natafuta.